Sheria ya Kamba

"Nguo saba, Bi. Nyamvula! Saba! Mkono gani wa binadamu unapenya nguo saba?"

"Haukupenya, Bwana Sekwao. Ulikaa juu yake, ukakaa, ukasahau kuondoka. Ndiyo malalamiko yenyewe."

"Kama ulikaa juu, basi kilichoguswa ni koti. Na koti ni mali ya serikali. Mwenye haki ya kulalamika ni serikali, na serikali haijalalamika."

"Koti lilikuwa na mtu ndani!"

"Hilo ndilo kamati inajaribu kulithibitisha," alisema Bwana Sekwao kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa.

Vielelezo vilikuwa vimepangwa mezani: fulana nyepesi, fulana nzito, sweta la kijivu, sweta la buluu, kizibao cha manyoya, koti la ndani na koti la nje. Zote zilikuwa nguo za Hidaya, mtafiti kijana wa barafu. Hidaya mwenyewe alikuwa ameketi pembeni amejifunika gunia la unga, meno yakigongana, kwa kuwa nguo zake zilikuwa zinatoa ushahidi.

Hiyo ndiyo Kamati ya Heshima, Staha na Ulinzi wa Wanawake ya Kituo cha Taifa cha Barafu, kwenye ncha ya kusini kabisa ya dunia. Kikao kilikuwa kimeanza kabla jua halijazama. Huko, ieleweke, jua likizama huzama kama mtumishi aliyekwenda likizo ya ugonjwa: hakuna anayejua litarudi lini, na mshahara wake unaendelea.

Nchi iliyowatuma watu hawa hatutaitaja jina, maana kila msomaji ataapa kwamba si kwao. Tuseme tu ni nchi ya joto, yenye miembe na hotuba. Nchi jirani ilipozindua treni ya umeme, Mtukufu Rais alikosa usingizi, akaagiza itafutwe haraka kitu ambacho jirani hana. Washauri wakapekua huku na huku wakagundua kwamba jirani hana barafu. Ndipo ikaundwa Wizara ya Barafu, Jinsia na Mifugo, mambo matatu pamoja kwa ajili ya kubana matumizi, na meli ikapakia wataalamu. Kwa kuwa waraka wa utumishi unataka kila mkurugenzi awe na kiyoyozi ofisini, meli ya kwanza ilileta kiyoyozi. Majiko ya kupasha moto vyumba vya wafanyakazi yaliwekwa kwenye awamu ya pili.

Mwenye kiyoyozi alikuwa Profesa Lukumbi, Mkuu wa Kituo. Ndiye pia alikuwa mwenyekiti wa kamati. Na ndiye aliyekuwa mtuhumiwa.

Hili halikuleta ugumu wowote. Profesa alikuwa na kofia ya kijani ya uenyekiti na kofia ya manyoya ya ukuu wa kituo, na alipokuwa mtuhumiwa alikaa kichwa wazi, upara wake ukiakisi taa kwa unyofu.

"Mtuhumiwa ana la kusema?" aliuliza, kofia ya kijani ikiwa kichwani. Akaivua, akahamia kiti cha pili, akainama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, sina, isipokuwa namwombea binti huyu afya njema." Akarudi kiti cha kwanza, akavaa kofia, akafuta machozi. "Kamati imefurahishwa sana na ushirikiano wa mtuhumiwa. Iandikwe."

Bwana Sekwao, afisa utawala na katibu wa kamati, akaandika.

Mjumbe wa tatu alikuwa Nyamvula. Aliteuliwa baada ya Wizara kugundua, kwa mshtuko mkubwa, kwamba kamati ya kuwalinda wanawake haikuwa na mwanamke. Kazi yake halisi ilikuwa kupima hali ya hewa. Alikuwa na stashahada ya chuo, watoto watatu kwa mama yake, na uvumilivu mdogo sana kwa maneno marefu. Nyumbani kwake mtoto akisema, "Mama, si mimi, ni mkono wangu ndio uliovunja glasi," mkono huo ulipewa sabuni na beseni la nguo, na mwenye mkono akaambiwa ausindikize.

"Mimi napendekeza jaribio," alisema Bwana Sekwao. "Sisi ni taasisi ya sayansi. Nitavaa nguo hizi saba mimi mwenyewe, na kamati itajionea kama mtu aliye ndani anaweza kusikia chochote."

"Wazo zuri," alisema Nyamvula. "Vaa."

Akavaa. Ilimchukua muda, maana Hidaya ni mwembamba na Bwana Sekwao ni mtu wa posho. Alipokwisha alisimama katikati ya chumba, mikono imetanuka kama sanamu ya kutishia ndege shambani, akafumba macho kwa ajili ya sayansi.

Nyamvula akainuka, akamzunguka nyuma, akamfinya pale pale palipokuwa panabishaniwa.

"Mama yangu wee!" Bwana Sekwao aliruka hadi kiti kikaanguka. "Mwenyekiti! Nimeguswa! Nimedhalilishwa mbele ya kikao!"

"Umeguswa wapi?" aliuliza Nyamvula. "Mimi nimegusa koti la serikali."

Hidaya alicheka ndani ya gunia. Lilikuwa cheko fupi, likakatika lenyewe, kwa kuwa Profesa Lukumbi alikuwa ameshika nyundo ya mwenyekiti, na macho yake hayakuwa na kofia yoyote.

Wale wanaosema taratibu zetu ni za polepole wangepaswa kuwepo siku hiyo. Shauri la Hidaya lilikuwa limekaa mezani tangu jua linazama. Shauri la Bwana Sekwao liliwasilishwa, likasikilizwa, likathibitishwa na kutolewa hukumu kabla koti halijavuliwa. Nyamvula alipatikana na hatia ya udhalilishaji wa hali ya juu, akaondolewa kwenye kamati, na kamati ikajipongeza kwa kutovumilia hata kidogo vitendo hivyo viovu.

"Ama kuhusu binti Hidaya," aliendelea Profesa, sauti yake sasa ikiwa laini kama samli, "kamati imeona amechoka kiakili. Anahitaji mazingira tulivu. Kwa hiyo atahamishiwa Kituo Kidogo, kule barafuni, hadi jua litakapochomoza. Na kwa kuwa kamati inajali, hatakwenda peke yake. Atakuwa chini ya uangalizi wa karibu wa Mkuu wa Kituo."

Akavua kofia ya kijani, akavaa ile ya manyoya.

"Mkuu wa Kituo amekubali," alisema. "Safari ni leo, kabla ya chakula cha mchana."

Kituo Kidogo kilikuwa kibanda cha mabati chenye jiko moja, kitanda kimoja na picha ya Mtukufu Rais. Hapakuwa na kingine, labda upepo.

*

Nyamvula alitoka akapita ushorobani akitafuta mlango, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Milango ilikuwepo. Tatizo ni ilikokwenda.

Mlango wa kwanza ulikwenda ofisini kwa Mkuu, ambako ndiko ilikokuwa simu ya upepo, chombo pekee cha kuzungumza na nyumbani. Alishakitumia mara moja, akaieleza Wizara kila kitu waziwazi huku Profesa akimshikia kikombe cha chai. Wizara ilitikisika. Ilijibu haraka kwamba inalaani, inasikitika na inachukua hatua, na hatua zilikuwa hizi: kituo kiandae semina ya siku nzima kuhusu heshima, semina ifunguliwe na Mkuu wa Kituo, na Mkuu wa Kituo apewe cheti cha Mlezi Bora wa Wanawake Maeneo ya Baridi. Nesi Perpetua alitakiwa kumvisha shada. Maua hayapatikani huko, kwa hiyo alimvisha bendeji.

Mlango wa pili ulikwenda nje, na nje ndiko lilikokuwa sanduku la maoni. Wizara iliagiza liwekwe mahali pa faragha. Profesa akalining'iniza kwenye mlingoti wa vipimo vya upepo, kule giza linakoanzia, mahali pa faragha kuliko pote duniani. Lakini kanuni inakataza mtu kutoka nje peke yake. Wanatoka wawili wawili, wamefungwa kiunoni kwa kamba moja, ili dhoruba ikimchukua mmoja, mwingine amvute. Anayepanga nani afungwe na nani ni Mkuu wa Kituo. Na wanawake wote aliwapanga naye mwenyewe, kwa sababu, alisema, mzigo wa wanawake asingependa kumtwisha mtu mwingine.

Kwa hiyo mwanamke aliyetaka kumshitaki Profesa alilazimika kwanza kufungwa kiunoni na Profesa.

Naye hakumwachia mtu afunge fundo mwenyewe. Alifunga yeye, alikagua yeye, akakagua tena, akasema limelegea, akalifungua, akaanza upya. Wanaume mafundo yao hakuyatazama. Ungedhani dhoruba ilikuwa na jinsia.

Hapo ndipo tunapofika kwenye Sheria ya Kamba, ambayo kila mwenye mtoto shuleni anaijua. Ilizaliwa siku Nesi Perpetua alipokwenda na Profesa mlingotini, akachoshwa na ukaguzi, akafungua fundo lake kwenye giza na kurudi kituoni peke yake akipapasa mapipa yaliyopangwa njiani. Profesa alirudi nyuma yake akiwa ameshika kamba isiyo na mtu. Kesho yake kifungua kinywa kilicheleweshwa ili sheria isomwe: *Aliyefungwa kwa kamba moja na wenzake hatafunguliwa na yeyote, kwa amri ya yeyote, mpaka wote waliofungwa wakubali.*

Wizara iliipenda. Mtukufu Rais aliisikia akaona imesema jambo kubwa kuhusu umoja wa kitaifa. Ikapelekwa Bungeni ikapita kwa vigelegele, ikachapishwa kwenye stempu, ikatungiwa wimbo, na sasa watoto huimba kila asubuhi mstarini huku wameshikana viuno. Kitinda mimba wa Nyamvula alimwimbia kwenye simu ya upepo, sauti ikikatika kwa upepo na kwa fahari. Profesa alipewa nishani. Nesi Perpetua tangu siku hiyo hajafungua fundo, wala mdomo.

Mlango wa tatu ulikwenda jikoni. Nyamvula akaingia huo, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na moto.

*

"Nimesikia umemfinya Sekwao," alisema Bi. Tausi, mpishi, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria la maharage. "Mwanangu, mikono yako itanuka."

"Nimeshanawa."

Hidaya alikuwa amekaa juu ya ndoo karibu na jiko, amevaa upya nguo zake saba. Nesi Perpetua alikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama alivyokuwa siku zote.

"Huendi," Nyamvula alimwambia Hidaya.

"Dada, nitakataaje?"

"Kwa mdomo."

"Nilishakataa kwa mdomo." Hidaya aliangalia viganja vyake. "Nilikataa kule nje. Nikakataa ofisini, alipowasha kiyoyozi na blanketi likawa moja. Nikakataa kwenye kamati. Kila nikikataa, kikao kinaahirishwa."

Maharage yakachemka. Nyamvula, ambaye hakuwahi kukosa jibu tangu aote meno, alijiona kama mtu aliyeingiza mkono mfukoni akakuta tundu.

"Tumfiche," alisema Bi. Tausi. "Stoo ya unga."

"Ufunguo wa stoo anao yeye."

"Basi mimi nimtilie kitu kwenye maharage. Si sumu, Perpetua, usinitolee macho! Kitu cha kumpeleka chooni wiki nzima."

"Atakwenda wiki ijayo," alisema Hidaya. "Au atauliza nani atamuuguza, na nitaitwa mimi." Akajaribu kutabasamu. "Nitavumilia tu, mama zangu. Utafiti wangu bila saini yake ni karatasi za kufungia vitumbua. Mpaka jua lichomoze si mbali."

"Jua lenyewe unalijua linachomoza lini?" Nyamvula alimfokea. Hasira yake haikuwa ya Hidaya, ila ndiye aliyekuwa karibu. "Mimi ndiye ninayelipima. Ni mbali. Na wewe usijifanye jabali. Nina binti ana miaka kumi na mitano, akisema 'nitavumilia tu' kwa sauti hiyo, najua ameshaanza kuzama."

Hidaya akalia. Alilia kimya kimya, kwa adabu, kama watu wanaolia mahali ambapo kuta ni za bati.

Nesi Perpetua akaingia ndani mzima mzima. Akafunga mlango nyuma yake.

"Mimi nilijifungua kamba," alisema. Hawakuwa wamemsikia akisema sentensi nzima tangu siku ya stempu. "Nilirudi peke yangu. Nilidhani nimejiokoa. Lakini aliyebaki na kamba mkononi ni yeye, na kamba haikai bure, inatafuta kiuno kingine." Akamtazama Hidaya. "Kikawa chako. Naomba radhi."

"Perpetua, hukukosea wewe," alisema Nyamvula.

"Najua. Lakini naomba."

King'ora kikalia. Kilikuwa king'ora cha sherehe. Kile cha hatari kilikuwa kimeharibika. Wote walitakiwa bandani kumuaga msafiri.

*

Banda la magari lilikuwa limepambwa bendera. Gari la theluji lilikuwa linaunguruma katikati, pana na fupi kama chura, lina minyororo badala ya magurudumu na viti viwili tu mbele. Fundi Majaliwa, mwenye kulitunza, alikuwa anapangusa kioo ambacho kilishapanguswa. Alikuwa mtu mzuri, kwa maana ya kwamba kila jambo baya lilipotokea alikuwa anatazama kwingine.

Wafanyakazi wakapanga mstari. Bwana Sekwao akagawa vibendera. Profesa Lukumbi akapanda kreti ya sabuni, kofia ya manyoya ikiwa imepigwa brashi.

"Ndugu zangu, itifaki imezingatiwa," alianza. "Leo ni siku ya kihistoria. Dunia inatuuliza: je, mnawajali wanawake? Nasi tunajibu kwa vitendo. Tazameni, binti mmoja amechoka, na taifa zima limewasha gari! Sisi huku ni familia. Mimi ni baba. Na baba, ndugu zangu, halali mpaka ajue mwanawe amelala."

Watu wakapiga makofi. Walipiga wakiwa wamevaa glavu, kwa hiyo ilisikika kama mito inayokung'utwa.

Hidaya alikuwa ameshawekwa kwenye gari. Alikaa kiti cha kushoto, mikono magotini, uso ukiwa pale na mwenyewe akiwa hayupo. Mlango wa upande wake ulikuwa bado wazi. Nyamvula aliwahi kupanda gari lile. Aliujua mlango ule. Ulikuwa mzito, na ukifungwa ulitoa sauti ya jokofu la bucha.

"Kabla sijaondoka," alisema Profesa, "nitafunga kamba ya usalama, mimi na msafiri wangu, kwa mujibu wa Sheria yetu tukufu. Tuisome pamoja."

Wote wakaisoma, kama walivyoisoma kila asubuhi, wakipokezana miayo. *Aliyefungwa kwa kamba moja na wenzake...*

Nyamvula naye alikuwa anaisoma. Midomo ilikuwa inasema yenyewe, na macho yake yalikuwa kwenye mlango ule ulio wazi. *...hatafunguliwa na yeyote, kwa amri ya yeyote...* Akasikia sauti ya kitinda mimba wake, inakatika, inarudi. Watoto mstarini. Wameshikana viuno. Hawakuwa wawili wawili. Darasa zima.

*...mpaka wote waliofungwa wakubali.*

Ukutani, nyuma ya Bwana Sekwao, ilining'inia kamba ndefu ya dharura, mpya, haijawahi kutumika kwa kuwa dharura zote zilikuwa zimepewa jina jingine.

Hakuwaza mara mbili. Alimsukuma Bwana Sekwao kama pazia, akashusha kamba, akavuka banda kwa hatua zake za mama anayekwenda kutoa mtoto kwenye ugomvi. Akajipinda ndani ya gari, akamzungushia Hidaya kamba kiunoni, akafunga fundo. Mara moja. Halikuhitaji kukaguliwa.

"Dada, unafanya nini?"

"Kaa wima." Akajifunga mwenyewe. "Bi. Tausi!"

Bi. Tausi hakuuliza. Alikuja anajifuta mikono kwa aproni, akainua mikono juu kama mtu anayepimwa kwa fundi cherehani. "Nifunge vizuri, mimi kiuno changu kina historia."

"Nini hiki?" Profesa alikuwa bado juu ya kreti. "Sekwao! Nini hiki?"

"Mheshimiwa, haimo kwenye ratiba."

Ncha ya kamba ikabaki. Nesi Perpetua alikuwa amesimama kwenye mstari na kibendera mkononi, amekauka. Nyamvula hakumwita. Kuna mambo hata mama haamrishi. Alimtazama tu, na ncha ikining'inia.

Perpetua akakiweka kibendera chini, polepole, kikiwa kimelala vizuri ili asije akashitakiwa kwa kudharau bendera. Akaja. Akaichukua ncha, akajifunga fundo yeye mwenyewe, kwa mikono ileile iliyolifungua lile la kwanza, akalivuta hadi likalia.

Profesa akashuka. Alitembea taratibu, akitabasamu, maana kulikuwa na watu.

"Mabinti zangu. Mzaha mzuri. Sasa fungueni."

"Siwezi, Profesa," alisema Nyamvula. "Sheria."

"Naamuru!"

"'Kwa amri ya yeyote.' Wewe ndiye uliyeiandika."

Kubadilisha neno moja la Sheria ya Kamba kulihitaji theluthi mbili za Bunge. Kuivunja hadharani kulikuwa ni kutukana stempu, wimbo, umoja wa kitaifa na Mtukufu Rais kwa mkupuo. Mstari mzima ulikuwa unatazama. Hata vibendera vilikuwa vimesimama.

"Vema," alisema, na safari hii samli ilikuwa imeganda. "Basi tufuate sheria. Inasema wote wakikubali. Bi. Nyamvula, unakubali kufunguliwa?"

"Sikubali."

"Tausi. Wewe ni mtu mzima. Una maharage jikoni."

"Yaungue."

"Nesi Perpetua." Akamsogelea, akashusha sauti. "Wewe unanijua."

"Nakujua," alisema Perpetua, kwa sauti ambayo mstari wote uliisikia. "Sikubali."

Profesa akainama mlangoni pa gari. Hapo alikuwa na uhakika. Ndani mle kulikuwa na saini yake, na utafiti wa miaka mitatu, na msichana aliyekwisha kuahirishwa mara nyingi hadi akazoea. "Hidaya, mwanangu," alisema. "Wewe mwenyewe unasemaje? Unakubali?"

Hidaya alishusha macho akaitazama kamba. Ilitoka kiunoni mwake, ikapita mlangoni, ikaenda kwa Nyamvula, ikaenda kwa Tausi, ikaenda kwa Perpetua. Aliivuta kidogo, kama mtu anayejaribu kama nguo imekauka kambani. Upande wa pili ikavuta.

"Sitaki," alisema.

Lilikuwa neno lilelile alilosema nje, na ofisini, na kwenye kamati. Tofauti ni kwamba sasa lilikuwa na nguvu ya sheria.

Profesa Lukumbi akafanya jambo ambalo kwa mtu wa cheo chake halikupendeza: aliushika mlango wa gari kwa mikono miwili akaubamiza. Mlango ukaipiga kamba ukarudi. Akaubamiza tena, kofia ya manyoya ikaanguka. Ukarudi tena.

"Majaliwa!" alipiga kelele. "Panda uendeshe!"

Fundi Majaliwa alitazama kioo. Akatazama dari. Hakukuwa na kwingine kulikobaki kwa kutazama, kwa hiyo akamtazama Profesa.

"Mlango ukiwa wazi gari haliendi, Mheshimiwa," alisema, akapitisha mkono dirishani akazima injini.

Nje upepo ulikuwa unalamba mabati kama siku zote, giza lilikuwa palepale, na meli, popote ilipokuwa, haikuwa imeanza safari. Ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwa Profesa, na simu ya upepo ofisini mwake. Wale wanawake wanne walikuwa na miezi ya kula pamoja, kulala pamoja, kwenda msalani mmoja huku watatu wakisubiri na kuimba ili asione haya.

"Shuka," Nyamvula alimwambia Hidaya. "Anza na mguu wa kushoto. Wote na mguu wa kushoto."

Hidaya akashuka. Walijikwaa mara moja, Bi. Tausi akatukana, Perpetua akacheka. Wakaupata mwendo. Wakampita Profesa aliyekuwa ameinama kuokota kofia yake, wakampita Bwana Sekwao, wakaingia ushorobani mmoja mmoja kwa mstari, na mlango wa banda ukabaki wazi nyuma yao, kwa sababu kamba ilikuwa bado inapita.